Ufagio wa Mjomba na Moto Usioonekana

Mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, ameingia kiwandani tangu ndevu zake hazijaamua ziote upande gani, na siku zote hizo hajawahi kufika kazini akakosa kushika ufagio. Usidhani anafagia. Nyumbani kwake ukimtajia kufagia, mgongo unamuuma papo hapo. Ufagio wake ni wa njiti, umefungwa kwenye mpini mrefu, na kazi yake ni kumtangulia. Mjomba hutembea kando ya mabomba ameunyoosha mbele, taratibu, kama bwana harusi anayesindikizwa, na kila anayemwona anajua hapo hapasogelewi.

Sababu ni hii. Kiwanda kinatengeneza mafuta mazito ya kupikia, yale ya kopo. Mafuta yakikamuliwa kwenye mbegu yanakuwa majimaji; ili yagande hupitishiwa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo huwezi kutuma mtoto akanunue dukani, kwa hiyo kiwanda kinajitengenezea. Banda la nyuma kuna mtambo mkongwe wa matangi ya chuma. Unatiwa maji na magadi makali, unapitishiwa umeme, maji yanapasuka, haidrojeni inatokea huku, oksijeni kule. Umeme wenyewe unatoka kwenye bwawa la mtoni. Moshi hakuna, masizi hakuna, kelele zake ni za kububujika tu kama mtu mzima anayesukutua.

Ubaya wake ni mmoja. Haidrojeni ikivuja ikashika moto, mchana huuoni. Moto hauna rangi wala moshi, unakaa pale hewani umetulia kama mkwe sebuleni, mpaka uugonge kwa uso. Ndiyo kazi ya ufagio. Njiti zikiwaka, Mjomba anasimama. Zisipowaka, anaendelea. "Bora ziungue njiti kuliko nyusi," humwambia kila mfanyakazi mpya, huku akigusa nyusi yake ya kushoto, ambayo iliwahi kuungua na ilipoota tena ilipotea njia.

Basi kiwandani wakamwita Bwana Ufagio, naye jina akalivaa kama nishani. Maana Mjomba ana maringo. Ovaroli yake imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Akiulizwa kazi hasemi anafanya kiwandani. Anasema, "Mimi ndiye mtu wa mtambo," kisha anangoja uulize mtambo gani, na usipouliza anakueleza hivyo hivyo. Mtambo wenyewe anauita mwenzangu. Mkewe hapendi. Anasema huyo mwenzake akipiga chafya mume anatoka mbio na dawa, lakini yeye akiumwa kichwa anaambiwa anywe maji.

Shida ilianza mwenye kiwanda alipotangaza kwamba mwaka ukiisha mtambo utafungwa. Mwenye kiwanda tunamwita Bosi Kesho, kwa sababu ukimwomba chochote, iwe ruhusa, glavu au taa ya chooni, jibu ni hilo. Kufunga mtambo ndilo jambo la kwanza alilolipangia tarehe. Vipuri vimekuwa adimu, alisema, na nje ya nchi kuna mafuta yaliyokwisha gandishwa; yataletwa, yatatiwa kwenye kopo, yatabandikwa karatasi, biashara imekwisha. Hapo mtu wa mtambo anakuwa mtu tu. Mjomba alirudi nyumbani akaivua ovaroli bila kuikunja, na mkewe, aliyekuwa na utani tayari mdomoni, akaumeza.

Kisha redio ikaleta habari. Serikali ilikuwa imeanzisha shindano. Haidrojeni, alisema mtangazaji kwa sauti ya kutangaza ndoa, ndiyo nishati ya kesho, na serikali itatoa ruzuku kwa watakaoizalisha kwa njia safi: maji, umeme wa mto au wa jua, hewa ukaa kidogo kabisa. Kila mwenye mradi alete maombi, kamati itapima, itatoa alama, washindi watasaidiwa. Mjomba alikuwa ananyolewa. Alisimama nusu kichwa kimenyolewa nusu hakijanyolewa akasema, "Jamani, wamenitaja," akaondoka na shuka la kinyozi shingoni.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda, Bosi alisema leo. Leo leo akamtafuta mshauri. Alikuja bwana mmoja wa viatu vyenye ncha, kompyuta kwapani, anayesema "sisi" akiwa peke yake. Aliupitia mwongozo wa shindano pale ofisini, Bosi upande huu, Mjomba amesimama mlangoni na ufagio wake, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyotikisa kichwa. Tatizo, alisema, ni kwamba mnazalisha tayari. Ruzuku ni ya uzalishaji mpya. Serikali haiwezi kumsaidia mtu aanze kufanya anachokifanya. Halafu kuna alama za hewa ukaa itakayopunguzwa. Nyinyi mtapunguza nini? Hamna moshi. Huwezi kupungua kutoka kwenye hakuna.

Mjomba aliuliza, kwa adabu, kama mwenye kiwanda cha jirani, yule mwenye bomba la moshi linalotia giza nguo za watu kwenye kamba, angepata alama.

"Huyo," mshauri alisema kwa husuda ya kweli, "angepasua."

"Kwa hiyo mimi nimekosea kutokuchafua?"

"Kimkakati, ndiyo."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kushindania ruzuku.

Dawa ya mshauri ilikuwa hii: mtambo ufe. Kamati ikija ikute kiwanda maskini wa gesi, kinachonunua haidrojeni chafu ya mitungi kutoka mbali, inaletwa kwa lori linalotoa moshi kama jiko la harusi. Mtambo ufunikwe turubai, usemwe ulishaharibika zamani. Mitungi mitupu itaazimwa mahali, ipangwe mlangoni. Ruzuku ikitoka, utanunuliwa mtambo mpya wa kisasa, na kiwanda kitaendelea kuwa na gesi yake. Mjomba aliuliza huo mpya utamtunza nani. Bosi alimwekea mkono begani akamwambia asiwe na wasiwasi, hayo watayazungumza kesho. Mjomba akafurahi. Katika kiwanda kizima ni yeye peke yake ambaye bado anaamini kesho.

Siku alipouzima mtambo, alirudi mapema, akakaa kwenye kochi mikono magotini. Tulikuwepo, mama na mimi, tumekwenda kumpa pole ya nusu utani. Mkewe alimwekea chakula, akakaa mbele yake akamtazama.

"Pole, mgane," alisema.

Mama hakucheka. Alimwambia kwamba jambo lote sasa liko kwenye mdomo wake. Kamati itakuja, watausema vibaya mtambo, maana ndiyo mpango wenyewe, na yeye atatakiwa asimame pale kama mlingoti. Akifungua mdomo, ruzuku imekwenda, mtambo umekwenda, kazi imekwenda. "Kaka, mdomo wako ndio uliokunyima cheo maisha yako yote," alisema mama. "Siku hiyo moja tu, ufunge."

Mjomba akaapa. Kimya kama maji ya mtungini. Mkewe, ambaye anamjua, akasema kiapo hicho kijaribiwe sasa hivi. Akaanza kuutukana mtambo huku mume anakula. Chuma chakavu. Mjomba akatafuna. Sanduku la kutu. Akatafuna, shingo imekaza. Makazi ya panya. Akameza kitu ambacho hakikuwa chakula. Nikaanza kuona tutashinda. Ndipo mkewe akasema, polepole, kama anayewaza tu, kwamba hata ulipokuwa mzima, gesi yake ilikuwa ya kubahatisha.

Kijiko kikawekwa chini. Mjomba alieleza usafi wa gesi ile mpaka mchuzi ukaganda, bila hata kuhitaji haidrojeni. Mkewe alinigeukia akaniambia, "Mjomba wako atatuua njaa huku anaongea."

Kamati ilikuja asubuhi ya jua kali, kwa msafara wa magari makubwa yaliyoachwa yanaunguruma uwanjani ili ndani pasipate joto. Huo ndio moshi pekee uliokuwepo kiwandani siku hiyo, na mshauri aliuonyesha kwa kidole, kwa huzuni, kama sehemu ya hali halisi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kofia na faili, mwenye kutazama kitu kwa muda ule ule sawasawa kiwe ni tangi au ni kuku. Waliomfuata walikuwa wanaandika anapoandika. Mmoja tu, mhandisi wa kamati, dada mkimya wa viatu vya kazi, alikuwa anatazama mabomba yanaelekea wapi.

Niliyoyajua ya siku ile nimeyasikia kwa Mjomba, kwa Bosi na kwa mlinzi wa geti, na kwa mara ya kwanza watu hao watatu wamekubaliana.

Mshauri alitoa hotuba mbele ya mitungi ya kuazima. Akasema mnyororo wa thamani, akasema mageuzi, akasema vijana na wanawake, akimwonyesha mpishi wa kantini aliyekuwa anapita na ndoo. Kisha akawaingiza bandani. Mtambo ulikuwa chini ya turubai kama maiti inayosubiri ndugu wa mbali. Mjomba alikuwa pembeni, ovaroli imenyooka, ufagio wima, macho ukutani. Mwenyekiti akagonga tangi kwa kalamu, ti ti ti, akauliza kama hili ndilo lililokuwa likiwasumbua. Mjomba kimya. Bosi akaanza kupumua.

Lakini mshauri ni mtu wa kulipwa kwa matokeo, na wa namna hiyo hajui kuacha palipotosha. Akaongeza chumvi kwenye chumvi. "Mheshimiwa, hili lilikuwa pambo tu. Halijawahi kutoa gesi safi hata siku moja."

Mjomba anasema aliikumbuka nadhiri yake. Anasema aliiona, kabisa, kama basi unaloliona likiondoka.

"Samahani, mheshimiwa," alisema.

Akavuta turubai. Akapandisha swichi. Mshale wa mita ukasimama wima kama askari aliyeitwa jina, na matangi yakaanza kububujika. Mwenyekiti akauliza sauti gani hiyo. Mshauri, jasho limefika kwenye kola, akasema ni mabomba ya choo, mheshimiwa, kiwanda ni cha zamani. Mjomba hakungoja. Aliwaomba wamfuate nje, ukutani, kwenye kibomba chembamba cha kujaribia gesi, nao wakamfuata, kwa sababu wageni wa ukaguzi humfuata yeyote aliyeshika kitu kirefu. Bosi alibaki bandani amekaa juu ya ndoo.

Wakamsubiri kidogo huku gesi ikija. Akafungua koki. Akawasha kiberiti, akakisogeza kwenye kibomba. Kikalia puh, kidogo tu, kama mtoto anayezima mshumaa. Akakizima kiberiti, akarudi nyuma, akavimba kifua.

"Moto huo, mheshimiwa."

Mwenyekiti alitazama. Kamati ikatazama anapotazama.

"Uko wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo hapo unapopatazama."

Jua lilikuwa linapiga ukuta mweupe. Kibomba kilikuwa kibomba. Mwenyekiti akavuta miwani, akasogea, akanyoosha kidole kuonyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kidole kilikuwa kinakwenda moja kwa moja motoni. Mjomba akafanya alichokifanya maisha yake yote: ufagio ukatangulia. Aliuchapa mkono wa mwenyekiti ukaenda pembeni, faili likaanguka, karatasi za taifa zikatawanyika uwanjani.

Mjomba, kwa kuwa maji alikwisha yavulia nguo, akaupitisha ufagio mbele ya kibomba. Njiti zikawaka zote kwa mkupuo. Akauinua juu, unawaka, kama mtu aliyeshinda mbio.

Mwenyekiti alikuwa anasugua mkono. Akasema, kwa utulivu wa mtu atakayeliandika jambo hilo, kwamba huyu bwana alikuwa na kiberiti mkononi sasa hivi, na kuchoma ufagio kwa kiberiti hata mjukuu wake anaweza.

Ndipo yule dada mhandisi akaongea. Alisema mtambo unafanya kazi. Ile ni haidrojeni, tena safi. Ingekuwa na uchafu wangeona rangi.

Mwenyekiti aliokota mwongozo wake chini, akaupangusa vumbi, akafungua ukurasa. Kipengele kilisema hali ya sasa ya uzalishaji ithibitishwe kwa ukaguzi wa macho.

"Wewe umeuona moto?" akamuuliza.

"Nimeuona ufagio."

"Ufagio haujaomba ruzuku."

Ikaandikwa kwamba mtambo haufanyi kazi, jambo lililothibitishwa kwa macho ya wajumbe wote isipokuwa mmoja, na penye wengi hapaharibiki neno. Ikaandikwa pia kwamba usalama wa moto uko chini sana, wafanyakazi wanachoma vifaa vya usafi mbele ya wageni, hivyo hitaji la mradi ni kubwa kuliko ilivyoelezwa. Kamati ikarudi kwenye magari yaliyokuwa bado yananguruma. Bosi alitoka bandani akamkumbatia Mjomba na kumwambia kwamba hakujua ana akili za namna hiyo: kuwaonyesha watu moto ambao hawawezi kuuona! Mjomba alisimama ameshika mpini mtupu. Alikuwa ameshinda shindano, na katika kushinda, watu wa serikali walikuwa wametazama kazi ya maisha yake uso kwa uso wakasema hakuna kitu.

Nyumbani alikula bila kusema neno. Mkewe alijaribu, akamtajia panya, akamtajia kutu. Mjomba akasema labda ni kweli. Mkewe aliogopa, akamletea chai ambayo hakuiomba.

Ruzuku ikatoka. Mtambo mpya ukaja ndani ya kontena jeupe, una kioo cha kugusa na maandishi yanayokukaribisha. Ulizinduliwa kwa utepe na maturubai ya kukodi. Uliwaka vizuri siku ya uzinduzi, na baada ya hapo ukaanza kuonyesha tabia. Maji ya bomba ulikuwa unayaona machafu. Umeme ukitikisika kidogo, nao unazimia, kisha unadai nywila, na nywila anayo fundi aliyekwisha rudi kwao ng'ambo, anayejibu ujumbe akijisikia. Wakati huo mafuta yalikuwa yamejaa kwenye matangi, majimaji kama yalivyotoka kwenye mbegu, na makopo yanasubiri. Bosi Kesho alikwenda bandani mwenyewe, kwa miguu, akamkuta Mjomba amekaa karibu na turubai.

"Leo," alisema. "Tafadhali."

Tabu ikabaki moja. Kwenye mkataba wa ruzuku mtambo wa zamani umekufa. Ikijulikana unapumua, pesa zote zinarudi na Bosi anakwenda kueleza. Kwa hiyo utafanya kazi chini ya turubai, na gesi yake itahesabiwa ya kontena. Na kwa kuwa hakuna mtambo, hakuwezi kuwa na mtu wa mtambo. Orodha ya kazi za mradi ilikuwa na nafasi moja tu inayomfaa, nayo ilitokana na ripoti ya kamati yenyewe: bandani alionekana mfanyakazi mmoja wa usafi, akiwa na ufagio.

Mshahara ule ule, Bosi alisema. Jina tu ndilo lingebadilika.

Mjomba alikuja kwetu kuliongea na mama. Alisema yuko tayari kuacha kazi. Mtu hawezi kufa akiwa mfagizi baada ya yote. Mama alimsikiliza mpaka akaisha, kisha akamuuliza akiondoka yeye, nani atapita na ufagio kando ya yale mabomba. Wangemweka kijana asiyejua, au wasingemweka mtu. Mjomba aligusa nyusi yake. Akakaa. Akasema, "Dada, ungekuwa bosi ungetutesa," na kesho yake akatia sahihi.

Mwenyekiti amerudi juzi kukagua maendeleo. Kontena lilikuwa limezimia, lakini taa zake zilikuwa zinawaka, na kamati ikapiga picha na taa. Kisha mwenyekiti akapita mlango wa banda, akaona turubai, akauliza kama lile lichuma bado wanalo tu, mbona lisiuzwe kwa kilo. Chini ya turubai mwenzake Mjomba alikuwa kazini, anabubujika, na banda likiwa kimya lazima wangesikia.

Mjomba alimtazama mwenyekiti. Akautazama ufagio, mpya, njiti nzima. Kisha akainama, mtu ambaye hajawahi, akaanza kufagia sakafu ya saruji kwa nguvu, shwaa, shwaa, vumbi likapanda mpaka kwenye kofia ya mheshimiwa. Mwenyekiti akarudi nyuma anakohoa. Akasema angalau usafi umeboreka. Halafu akasita, akageuza sikio.

"Bado nasikia kitu kinabubujika."

Yule dada mhandisi alikuwa nyuma yake, amesimama karibu na mita, na mshale wa mita uko wima mbele ya macho yake.

"Mabomba ya choo, mwenyekiti," alisema. "Kiwanda ni cha zamani."

Wakaondoka. Mjomba anasema yule dada alichelewa kidogo mlangoni, akalipapasa turubai kwa kiganja, kama unavyompapasa ng'ombe wa mtu unayempenda, ndipo akawafuata wenzake. Mjomba ameisimulia hiyo ya turubai kwetu, kwa kinyozi, na kwa kila aliyekaa karibu naye kwa muda wa kutosha, na ovaroli imerudi kupigwa pasi. Mkewe, aliposikia kwamba mume anajua kufagia tena kwa nguvu, alimwekea ufagio mlangoni jioni ile ile. Bado uko pale. Mgongo, anasema, umemshika vibaya.